Mwandiko wa Mwisho wa Maalim Swaibu

Maalim Swaibu Shilinde alikuwa na desturi ya kuandika siku ya Jumatano. Alhamisi na Ijumaa madrasa ilifungwa, kwa hiyo Jumatano jioni, watoto wakishaondoka, aliketi barazani na mbao zao zote, akachovya kalamu ya tete katika wino wa masizi, akamwandikia kila mtoto somo lake la Jumamosi. Huyu aliandikiwa alifu na ba, yule aya mbili, mwingine sura nzima kwa herufi ndogo zilizojaa mpaka ukingoni. Mkewe, Hairati, alizipokea moja moja na kuzitundika ukutani zikauke.

Jumatano ile ya mwisho wa Januari aliandika mbao thelathini na moja. Kesho yake asubuhi alikwenda kupalilia maharage, akarudi kabla ya saa nne akisema kifua kinambana, akaomba maji. Hakuyamaliza. Walimzika siku hiyohiyo baada ya alasiri, nyuma ya msikiti wa bati wa kijiji chao, Nyamigogo, na majirani Wakristo walishika makoleo sawa na Waislamu. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Jumamosi watoto wakaja. Hakuna aliyewaita. Walivua ndala zao mlangoni, wakachukua kila mmoja ubao wake ukutani, wakakaa mkekani wakaanza kusoma. Hairati alikuwa chumbani, ameanza eda. Aliposikia sauti zile thelathini na moja zikipanda kwa pamoja, alishika ukuta. Ilikuwa kana kwamba marehemu hajaambiwa bado kwamba amekufa.

Inafaa kueleza desturi ya mbao zile, kwa sababu siku hizi madrasa nyingi hutumia daftari. Kwa Maalim Swaibu, mtoto hakuosha ubao wake mpaka maalim amsikilize na kusema, "Sahihi, kaoshe." Hapo mtoto alikwenda uani, akaosha maandishi katika beseni maalumu, na maji yale meusi akayamwaga kwenye shina la mgomba mmoja uliozungushiwa mawe, usiokanyagwa na mtu wala mbuzi, maana maneno ya Mungu hayakanyagwi. Ndizi za mgomba ule zililiwa na watoto pekee, na hakuna mtu mzima aliyethubutu kuomba hata moja. Ubao ukishakauka, unaandikwa somo jipya. Ndivyo mtoto alivyopanda, ubao kwa ubao, kwa kufuta alichokwisha kukijua.

Wengi walimshauri anunue vitabu. Yeye alijibu, "Karatasi inamdanganya mtoto. Anajua ipo, kesho ataikuta. Ubao ukioshwa, somo halina pa kukaa ila kichwani."

Hairati naye alisomea ubaoni. Alizaliwa Nyakisasa, upande wa Ngara, akamaliza kidato cha nne, akaolewa akiwa na miaka ishirini. Wakati ule alikuwa anasali kwa sura alizokariri kwa kusikia tu, bila kuzijua herufi. Wiki ya pili ya ndoa mumewe alimletea ubao mpya uliorandwa vizuri, umeandikwa alifu moja katikati, ndefu, imesimama kama askari.

"Huu wa nani?" aliuliza.

"Wa mwanafunzi wangu mkaidi kuliko wote."

"Na akikosea, utamchapa?"

"Nitaogopa. Yeye ndiye anayepika."

Kwa miaka mitatu aliandikiwa, akaosha, akaandikiwa tena, mpaka akawa anawasikiliza wasichana wakati mumewe akiwasikiliza wavulana. Mungu hakuwajalia mtoto wa kuzaa. Watu walisema maneno kidogo miaka ya mwanzo, kisha wakanyamaza, kwa sababu nyumba ile haikuwahi kukosa watoto. Wazazi hawakuwa na cha kulipa, na maalim hakudai. Wakati wa mavuno yalikuja maharage, na mtoto akihitimu alikuja jogoo. Wao wenyewe walilima kama watu wengine.

Ukweli usemwe, maana marehemu mwenyewe hakupenda kusifiwa uongo. Maalim Swaibu alikuwa mkali. Ujanani alichapa. Siku moja alimchapa mtoto mpaka baba yake akaja na panga barazani, na yeye maalim akapiga magoti mbele za watu akaomba radhi. Tangu hapo fimbo iliendelea kuwepo, lakini ilipiga mkeka tu, na vumbi likapanda mpaka watoto wakapiga chafya. "Leo mkeka umekosea sana," Hairati alikuwa akimtania. Maalim alikuwa na jambo moja ambalo mkewe hakuwahi kuliona kwa mwalimu mwingine: watoto thelathini wakisoma kwa pamoja, kila mmoja somo lake, yeye akiwa amefumba macho, ghafla alinyoosha kidole. "Wewe wa nyuma, aya ya pili, rudia." Hakukosea hata mara moja.

Mwezi Desemba kabla ya kufa aliletewa barua. Walimu wa madrasa wa wilaya za Ngara na Biharamulo walialikwa mafunzo ya wiki mbili huko Mbuba, mwezi wa sita shule zikifungwa.

"Hebu rudia hapo," alimwambia mkewe aliyekuwa akimsomea.

"Mbinu za kisasa za ufundishaji."

"Za kisasa! Kwani alifu imebadilika?"

"Haijabadilika."

"Ba je?"

"Ba ipo palepale, na nukta yake."

"Basi waje wao nyumbani kwangu niwafundishe."

Lakini siku ya tatu, akiwa anafunga kamba za viatu, alisema bila kuinua uso, "Ile barua usiipoteze. Nitakwenda nikaione hiyo alifu ya kisasa."

*

Jumamosi ile ya kwanza ya msiba, wa kwanza kuja mlangoni pa chumba alikuwa Zulfa. Alikuwa na miaka tisa, mwembamba, mwenye pengo mbele, na kichwa chake kilishika somo kama udongo wa mfinyanzi unavyoshika kidole. Alisimama nje ya pazia na ubao kifuani.

"Shikamoo, Mama Maalim."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeshaweza. Nikusomee?"

Akasoma. Hakusita, hakuruka, pumzi aliikata panapokatwa. Alipomaliza aliuliza, "Nikaoshe?"

Hairati alisogeza pazia. Ubao ulikuwa sawa na macho yake. Aliiona ile alifu ndefu. Aliona mahali kalamu ilipokauka katikati ya neno, na mahali ilipochovywa tena, wino ukawa mzito. Siku tatu zilizopita mkono ule ulikuwa na joto.

"Umekosea," alisema. "Rudia."

Zulfa hakuwa amekosea.

Akarudia, safari hii polepole, akikaza macho. Ilikuwa sahihi tena. Hairati akasema, "Bado. Kautundike, utasoma Jumatatu."

Alijiambia ni siku mbili tatu tu, mpaka moyo utulie. Lakini Jumatatu alikuja mwingine, na Jumanne wengine wawili, na kila ubao ulioletwa mbele yake ulikuwa kipande cha mume wake kinachoomba ruhusa ya kwenda kwenye maji. Akawaambia wote bado. Kwa yule alisema sauti ni ndogo, kwa huyu kwamba ameharakisha, na kwa mwingine hakusema sababu, kwa kuwa mwalimu haulizwi. Watoto walipoondoka alasiri, mbao zilirudi ukutani, naye alikaa mbele yazo mpaka giza likayafuta maandishi. Hapo tu ndipo moyo wake ulipotulia, akaenda kuwasha moto.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Katika siku hizo aliyemsaidia maji na kuni alikuwa jirani yake Niragira, Mkristo, ambaye wazazi wake walitoka Burundi kwa miguu na kuzeeka hapohapo Nyamigogo. Niragira hakuwa mtu wa kumung'unya maneno.

"Mama Maalim," alisema siku moja akitua ndoo, "nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Watoto wako wamekwama wapi? Mimi Mkatoliki mzima, nikipepeta maharage najikuta naimba ya kwenu. Padri akinisikia itakuwaje?"

Hairati alicheka, mara ya kwanza tangu Januari.

"Zamani," Niragira aliendelea, "kila wiki nilisikia mapya. Sasa tangu marehemu aondoke ni yaleyale. Hata kuku wangu wameshahitimu."

"Hawajaweza."

Niragira alimtazama, akamtazama, kisha akaugeuza uso wake ukutani penye mbao. Akachukua ndoo yake. "Haya," alisema. "Wewe ndiye mwalimu."

Ilipofika Mei, waliokuja walikuwa kumi na tisa. Wazazi hawakulalamika, maana nani atamlalamikia mjane aliye edani? Walisema tu kwamba mtoto anasaidia shambani. Katika waliokosekana alikuwemo Zulfa. Ubao wake ulibaki kwenye msumari wake, wa tatu kutoka mlangoni.

*

Eda ilipokwisha, Hairati alioga, akavaa, akasali, akaenda kuzuru kaburi. Siku chache baadaye alipanda gari la Ngara na barua ya mumewe mkobani. Alikuwa amepiga simu kuuliza kama mjane anaweza kushika nafasi ya marehemu, akaambiwa aje.

Mbuba kulikuwa na baridi, vilima vimefunikwa ukungu mpaka saa tatu. Walimu ishirini na wawili walikusanyika katika darasa kando ya msikiti, wengi wazee wa kanzu na ndevu nyeupe, wanawake watano tu. Wote waliposikia kuwa mkufunzi anaingia walisimama, wakitazamia sheikh. Akaingia msichana wa miaka ishirini na saba, mtandio wa kijani, begi mgongoni, mikononi amebeba maboksi matupu ya sabuni.

"Asalaam alaykum. Naitwa Mastura. Shikamooni wazazi wangu."

"Marahaba," walijibu, nusu yao wakitazama nyuma yake kama kuna mwingine anayekuja.

Aliyekaa karibu na Hairati alikuwa Maalim Ciza wa Nyakisasa, mzee wa miaka sabini asiyeachana na mwavuli wake hata ndani ya darasa. Siku ya pili mwavuli ulianguka, ukafunguka, fimbo ya mpera ikachomoka humo. Darasa zima lilicheka.

"Maalim Ciza," alisema Mastura, "tulikubaliana jana. Fimbo ikae wapi?"

"Mwanangu, hii siyo fimbo. Huu ni mfupa wa mwavuli."

"Basi mvua ikinyesha tutautumia. Kwa sasa uniwekee dirishani."

Walikata maboksi wakatengeneza kadi za herufi. Waliokota vizibo vya soda wakaandika herufi ndani yake, watoto wavipange kuunda neno. Walijifunza kuandika andalio la somo: leo mtoto atajua nini, nitajuaje kwamba amejua, asipojua nitafanya nini. Walikaa duara badala ya safu. Walipoambiwa waimbe wimbo wa herufi kwa kupiga makofi, Maalim Ciza aliguna, "Miaka arobaini nimefundisha nikiwa mwanamume, leo nageuzwa chiriku." Lakini aliimba, na sauti yake ilikuwa nzuri kuliko ya wote.

Hairati aliandika kila kitu. Usiku, kabla ya kulala, alikuwa akimsimulia mumewe kimoyomoyo. Wanasema makosa ya mtoto ni habari kwa mwalimu. Wanasema watoto wawili wasomeane kwanza kabla ya kuja kwako. Ungecheka. Ungesema huyu binti hajawahi kulima, kisha kesho yake ungejaribu vizibo vya soda bila kumwambia mtu.

Siku ya tano Mastura aliwagawia karatasi zenye mistari. Kila mwalimu aandike majina ya watoto wake, na mbele ya kila jina aandike mtoto alikuwa somo gani mwezi wa kwanza na yuko somo gani sasa. Hairati aliyajua majina yote thelathini na moja kwa mpangilio wa misumari ukutani. Aliandika safu ya Januari. Alipofika safu ya Juni, kalamu ikakataa. Waliomzunguka waliandika huyu kapanda, huyu karudi nyuma, huyu kahamia Biharamulo mjini. Yeye alifunika karatasi yake kwa kiwiko, na ilipokusanywa akaiingiza chini ya daftari.

Mastura aliona. Baada ya chai aligawa vikaratasi vilivyokunjwa. Walimu wakae wawili wawili, mmoja mwalimu, mmoja mwanafunzi. Mwanafunzi asome sura anayoijua vizuri kuliko zote. Mwalimu afuate maagizo ya kikaratasi chake, asimwonyeshe mwenzake.

Hairati alikuwa mwanafunzi wa Maalim Ciza. Akasoma sura ya kwanza, ile ambayo kila Mwislamu huisoma mara kumi na saba kwa siku katika sala zake za faradhi.

"Umekosea," alisema mzee. "Rudia."

Akatabasamu, akarudia.

"Umekosea. Rudia."

"Maalim Ciza, acha utani. Nimekosea wapi?"

Mzee alikitazama kikaratasi chake, akakunja uso. "Rudia."

Akaanza tena, sasa kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kila neno alilolitamka aligeuka kulitazama kama ndilo lenye kosa. Katikati ulimi ulisimama. Akaruka aya nzima.

Alijisikia amekosea. Sura aliyoisoma tangu akiwa na miaka mitano, aliyoisoma juu ya kaburi wiki iliyopita, ilikuwa imempotea mdomoni.

Maalim Ciza alikitupa kikaratasi chini. "Mama Maalim, nisamehe kwa ajili ya Mungu! Ulisoma sawa tangu mwanzo. Nimeandikiwa hapa niseme umekosea, hata ukisoma kama malaika." Akamgeukia mkufunzi, ndevu zikimtetemeka. "Binti, mchezo gani huu? Unanifanya nimwambie mtu uongo kuhusu maneno ya Mola wake?"

"Ndiyo maana nikautoa, Maalim," alisema Mastura taratibu. "Tuone mtoto anajisikiaje."

Hairati alikuwa ameshatoka nje.

Mastura alimkuta nyuma ya msikiti, amekaa juu ya jiwe, mtandio umefunika uso. Alikaa chini kwenye nyasi, kama mtoto mbele ya mkubwa wake. Hairati alimweleza yote: Jumatano, kalamu ya tete, misumari, Zulfa. Hakujitetea.

"Nimemwambia mtoto uongo miezi minne," alisema. "Si mmoja. Thelathini na moja. Nilitaka tu mkono wa mume wangu usioshwe. Sasa niambie, huko mlikosomea mbinu za kisasa, jambo kama hili wanasemaje?"

Mastura alikuwa kijana, na alikiri ujana wake.

"Mama, hili kwenye vitabu vyangu halimo," alisema. "Lakini huyo Zulfa yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko kwao."

"Anajua kwamba anajua?"

Upepo ulipita, ukungu ukafunguka kidogo juu ya migomba ya ng'ambo, ukafunga tena. Wakarudi darasani.

*

Aliporudi Nyamigogo hakufungua begi. Alikwenda moja kwa moja kwa kina Zulfa, mwendo wa nusu saa kupita mashamba ya mihogo. Mama yake Zulfa alikuwa anamenya mihogo uani. Zulfa alipomwona alijificha nyuma ya nyumba.

"Karibu, Mama Maalim. Eda umemaliza salama?"

"Salama, alhamdulillahi. Nimemfuata mwanafunzi wangu."

Mwanamke yule aliendelea kumenya. "Mwanafunzi wako amesema hasomi tena. Anasema kichwa chake kimeoza. Nikamwambia kichwa gani kimeoza, mbona cha kuhesabu chenji hakijaoza? Analia. Usiku anasoma peke yake chini ya shuka, akifika mwisho anajiambia mwenyewe, umekosea."

Hairati alisikia maneno yale yakiingia kama mwiba unaoingia kwenye kidonda cha mwiba mwingine. Aliketi chini kwenye maganda ya mihogo.

"Mwite," alisema. "Na wewe usikie."

Zulfa akaja, akasimama mbali, akichora ardhi kwa kidole cha mguu.

"Zulfa, siku ile ya kwanza ulisoma sahihi. Ya pili pia. Siku zote ulisoma sahihi. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Mtoto alimtazama mama yake, kwa kuwa hakujua kama mtu mzima anaruhusiwa kusema hivyo.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Kwa sababu ungeuosha ubao. Ameuandika Maalim. Sikutaka uoshwe."

Kisu cha mama kilikuwa kimesimama katikati ya muhogo. Hatimaye mama alisema, na sauti yake haikuwa ya upole, "Ungetuambia, Mama Maalim. Tungekupa ubao. Ubao ni mti tu. Mtoto wangu umemfanya ajione mjinga."

"Najua. Naomba radhi yako na yake."

"Mimi nimekusamehe, umefiwa. Yeye muulize mwenyewe."

Zulfa hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alisema, "Nami ningeacha kuuosha, ungeniambia tu. Ningesomea wa ndugu yangu." Kisha akamenya muhogo mmoja, akampa Hairati.

Ijumaa usiku Niragira alileta simu yake wapige picha mbao zote kabla ya kuoshwa kesho yake. Walipiga. Mwanga ulikuwa mbaya, wino wa masizi ulikuwa umefifia kwa miezi mitano ya vidole vya watoto, na nyingi zilitoka kama vipande vya mkaa. Tatu au nne zilionekana. "Hizi nitakusafishia mjini," alisema Niragira. Hairati alishukuru. Alizitazama tena mara moja tu, akaona kwamba picha haionyeshi pale kalamu ilipokwaruza.

Jumamosi waliwakusanya wote, hata wale waliokuwa wamepotelea shambani. Hairati aliwaketisha duara, akawaambia yaleyale aliyomwambia Zulfa, mbele ya wazazi waliokuja. Mzee mmoja aliguna kwamba mwalimu hapaswi kujivua nguo mbele ya watoto. Hairati aliwasikiliza watoto mmoja mmoja, akiwa na karatasi yenye mistari mapajani, akitia alama. Ishirini na sita walikuwa wameweza tangu zamani. Watano walikuwa bado kweli, na kwa kila mmoja aliandika mahali kosa lilipo, akampa mwenzake wa kusomeana naye.

Ishirini na sita walikwenda uani. Alisimama karibu na beseni tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Hakugeuza uso. Maji yalikuwa meusi, kisha ya kijivu, kisha meusi tena ubao mwingine ulipoingia. Zulfa aliosha taratibu, akianza na mstari wa chini, akaacha alifu ya juu mpaka mwisho. Akamtazama Hairati. Hairati akatikisa kichwa kukubali, na Zulfa akapitisha kiganja.

Usiku ule Hairati alilia mpaka jogoo wa kwanza, na asubuhi akasali akaenda kutengeneza wino.

Kuandika kulimchukua siku mbili. Mumewe alikuwa akimaliza kwa jioni moja. Mkono wake ulikuwa mfupi, alifu zake zilikuwa nzito miguuni, na watoto, kama walivyo watoto, walisema.

"Mama Maalim, alifu yako imekaa chini."

"Imechoka. Isome hivyohivyo."

Somo jipya la Zulfa lilikuwa refu kuliko lile la zamani. Siku ya Jumatano alikuja kusoma, pazia sasa halipo, wakitazamana. Alianza vizuri. Aya ya tatu akateleza.

"Hapo umekosea," alisema Hairati.

Zulfa hakurudia haraka kama zamani. Aliinua macho, akamchunguza mwalimu wake usoni kwa muda, kama mtu anayeipima sarafu. Kisha akainama kwenye ubao, akafuata kwa kidole, neno baada ya neno, mpaka akafika mahali. Kidole kikasimama.

"Ah! Kweli," alisema. Akacheka, pengo likaonekana. "Kweli nimekosea, Mama Maalim."

"Kweli umekosea."

Akarudi nyuma aya moja, akasoma tena, akapita pale bila kuteleza, akaendelea.

Nje wengine walikuwa wakisoma wawili wawili, na mmoja alikuwa akigombania vizibo vya soda. Hairati alitia alama ndogo kwenye karatasi yake. Alitamani jambo moja tu, na alilitamani kwa nguvu iliyomuuma mbavuni: jioni, baada ya watoto kuondoka, mtu fulani aketi pale barazani, amuulize leo wamefikia wapi, naye amwambie. Watoto walipoondoka alikusanya mbao, akachovya kalamu, kwa kuwa ilikuwa Jumatano.